Mkutano wa walioacha pombe: mtu wa Tanga aupate wapi, na akifika akute nini

Siku za mwisho za mwezi wa Shaabani, kabla mwezi wa Ramadhani haujaandama, watu wa pwani huvunja jungu. Asili yake ni karamu ya kula pamoja kabla ya mfungo, lakini katika baadhi ya vijiwe vya Tanga, kama ilivyo Bagamoyo na kwingineko, jungu siku hizi huvunjwa kwa pombe, na wapo wanaokunywa usiku huo kana kwamba wanajiwekea akiba ya siku thelathini. Mfungo ukianza hutokea mambo mawili. Mmoja anaacha ghafla, na siku ya pili mikono inatetemeka, jasho linamtoka, usingizi umemkimbia, na jamaa zake wanasema swaumu imemwelemea. Mwingine anaumaliza mwezi mzima bila tone, kisha jioni ya Idi anarudi pale pale alipoachia, akijiambia kwamba mtu aliyeweza kuacha mwezi mzima hawezi kuwa na tatizo. Wa kwanza anahitaji daktari upesi. Wa pili hajatambua kwamba mwezi ule hakuacha peke yake: mji mzima ulikuwa umefunga pamoja naye, saa zake zilipangwa, jioni alikuwa na watu wa kufuturu nao na usiku watu wa kusali nao tarawehe, na hakuna aliyemwita kijiweni. Mfungo Mosi ulipoingia, mpango huo wote uliondolewa kwa siku moja, akaachwa na nia yake tupu.

Mkutano wa kusaidiana wa watu wanaoacha pombe ni njia ya kuurudisha mpango wa namna hiyo katika miezi kumi na moja iliyobaki, kwa Mwislamu na kwa Mkristo aliyemaliza Kwaresima yake vilevile. Nitaeleza ni kitu gani, unafanyikaje na unatafutwaje kwa mtu anayeishi Tanga. Kwanza, hata hivyo, lazima vitenganishwe vitu vitatu ambavyo watu wengi huvichanganya, na ambavyo kuvichanganya kumewagharimu baadhi yao maisha, yaani hospitali, nyumba ya upataji nafuu na mkutano wenyewe.

Hospitali ni kwa ajili ya mwili, na kwa mnywaji wa kila siku ndiyo mlango wa kwanza. Pombe hupunguza kasi ya ubongo, na ubongo unaopunguzwa kasi kila siku kwa miaka hujifunza kusukuma kwa nguvu zaidi ili ufanye kazi yake. Ni kama mtu anayesukuma mlango ulioshikiliwa upande wa pili: aliyeushikilia akiuachia ghafla, msukumaji huanguka kifudifudi. Ndiyo maana mnywaji mkubwa akiacha kwa siku moja hutetemeka, hutapika na moyo humwenda mbio, na ndiyo maana asubuhi hukimbilia kutoa loki, kwa kuwa kipimo kimoja cha gongo kinatosha kumtuliza. Kwa baadhi ya watu mambo huwa mazito zaidi. Kati ya saa 6 na 48 tangu kinywaji cha mwisho wanaweza kupata degedege la kuanguka na kukakamaa, na kati ya siku ya pili na ya nne wanaweza kuanza kuweweseka, kuona wadudu au watu wasiokuwapo, kuzungumza na hewa na kuwaka homa. Pwani yetu hali hii ya mwisho hutafsiriwa haraka kuwa ni mashetani, na mgonjwa hupelekwa kwa mganga akafukizwa, wakati ambapo ni dharura ya hospitali inayoweza kuua na ambayo ina tiba inayojulikana: dawa za kuutuliza ubongo zinazopunguzwa siku hadi siku, maji, na vitamini B1. Mtu anayekunywa kila siku, hasa anayetetemeka asubuhi kabla hajanywa au aliyewahi kuanguka alipojaribu kuacha, asiache ghafla nyumbani. Aende kituo cha afya au Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Bombo, aeleze bila kupunguza kiasi anachokunywa, na mkutano atauendea mwili ukishatulia.

Nyumba ya upataji nafuu, ambayo wengi huiita soba, ni mahali pa kuishi kwa miezi kadhaa mbali na kijiwe. Tanga na Bagamoyo ni miongoni mwa miji ya pwani yenye nyumba za aina hii. Zilianzishwa hasa kwa sababu ya heroini, lakini hupokea pia watu wa pombe. Nyingi huitaka familia ichangie gharama, na kwa mtu mwenye kazi na watoto wanaomtegemea kuhamia huko si jambo jepesi. Wengi hudhani kwamba asiyeweza kuingia soba hana njia nyingine. Mkutano, tofauti na soba, hauna kitanda, hauna dawa wala ada, na mtu huuhudhuria akitokea kwake na kurudi kwake. Unachukua takriban saa moja, au moja na nusu.

Mkutano wa namna hii ulianza pale mtu mmoja alipoukosa. Mwezi Mei mwaka 1935, Bill Wilson, mtu wa masoko ya hisa kutoka New York aliyekuwa ameacha pombe kwa miezi michache tu, alijikuta katika mji wa Akron, jimbo la Ohio nchini Marekani, peke yake, biashara iliyompeleka huko ikiwa imeharibika, na ndani ya hoteli aliyofikia kulikuwa na baa. Akaogopa. Alichofanya ni kwenda kwenye simu na kuwapigia viongozi wa makanisa ya mji ule, mmoja baada ya mwingine, akiomba aunganishwe na mlevi yeyote wa kuzungumza naye. Alipatikana daktari wa upasuaji, Robert Smith, ambaye alikubali kumsikiliza kwa dakika 15, wakakaa kwa saa sita. Bill hakwenda kumhubiria. Alikwenda kwa kuwa alijua kwamba akizungumza na mlevi mwenzake yeye mwenyewe hatakunywa usiku ule. Daktari alikunywa kwa mara ya mwisho mwezi uliofuata, na tarehe 10 Juni 1935 ndiyo huhesabiwa kuwa mwanzo wa Alcoholics Anonymous, jina ambalo maana yake ni walevi wasiotajwa majina, na ambalo duniani kote hufupishwa kuwa AA. Mwaka 1953, huko California, utaratibu huohuo ulichukuliwa na watu wa dawa za kulevya wakaunda Narcotics Anonymous, yaani NA, ambayo huihesabu pombe kuwa ni dawa kama nyingine, na kwa hiyo mtu wa pombe hafukuzwi katika mkutano wa NA. Kwa mtu wa Tanga hilo ni muhimu, kwa kuwa katika miji yetu ya pwani njia za NA mara nyingi ni rahisi kuzifikia kuliko za AA.

Akifika, mgeni atakuta viti vimepangwa, mara nyingi kwa duara, katika chumba cha kawaida. Anayeongoza si daktari, si mshauri wa kulipwa, wala si shekhe au mchungaji. Ni mtu aliyeacha pombe, na zamu ya kuongoza huzunguka. Husomwa maneno mafupi yanayoeleza kikundi ni nini, na katika maneno hayo mgeni atasikia kwamba sharti la kuwa mwanachama ni moja tu, nalo ni nia ya kuacha kunywa. Halafu mtu mmoja hueleza habari zake: alivyokuwa, kilichotokea, na alivyo sasa. Wengine hufuata kwa dakika chache kila mmoja, wakijitaja kwa jina la kwanza tu. Mgeni halazimishwi kuzungumza. Akiulizwa anaweza kusema napita, au nimekuja kusikiliza, na hakuna atakayemshangaa. Kapu la mchango likizungushwa kwa ajili ya chai na pango la chumba, mgeni halazimiki kutoa kitu, na kikundi hakipokei fedha kutoka nje kwa kuwa kanuni yake ni kujitegemea.

Jambo litakalomshangaza zaidi mtu wa pwani ni kwamba hakuna anayemjibu mwenzake. Barazani kwetu mtu akieleza shida yake hupewa nasaha palepale na kila aliyeketi, na asiyetoa nasaha huonekana hakujali. Mkutanoni mtu anaeleza, wanamshukuru, na anayefuata anazungumza yake. Nimekuja kuona busara kubwa katika hilo, kwa sababu mlevi ameshapewa nasaha na mkewe, na mama yake, na bosi wake, na jirani, na kila nasaha ilimwongezea deni la aibu ambalo alilipunguza kwa kunywa. Asichowahi kukipata ni mtu anayesema, bila kumnyooshea kidole, kwamba na yeye alificha chupa ndani ya tangi la choo.

Baada ya mkutano watu hubaki wakizungumza, na hapo ndipo mgeni hupata namba za simu. Baada ya muda humchagua sponsa, yaani mtu aliyetangulia katika kuacha ambaye mgeni atampigia simu tamaa ikimjia na atakayempitisha katika hatua kumi na mbili, yaani mpango wa AA wa kuacha pombe hatua kwa hatua. Desturi ni mwanamume kumchagua mwanamume na mwanamke kumchagua mwanamke. Wageni wengi huambiwa wajaribu mikutano 90 katika siku 90. Hesabu hiyo si sheria, na katika mji wenye mikutano michache haiwezekani bila kuchanganya ya ana kwa ana na ya simu, lakini inaonyesha kwamba mwanzoni kwenda mara moja kwa mwezi hakutoshi. Kuhusu ahadi, hakuna anayeombwa aape kwamba hatakunywa maisha yake yote. Husema leo tu, na kesho wataishughulikia kesho. Aliyelelewa katika madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya wengi hapa pwani, hatapata taabu kulielewa jambo hilo, kwa kuwa amefundishwa tangu utotoni kuitia nia ya swaumu kila usiku kwa ajili ya siku inayofuata.

Kuna neno moja linalowakwaza wageni wengi. Anayezungumza huanza kwa kusema, mimi ni fulani, na mimi ni mlevi. Katika Kiswahili cha mtaani mlevi ni tusi, ni mtu anayezomewa na watoto njiani, na kwa Mwislamu ni pia jina la mtenda dhambi. Wapo wanaopendelea kusema mraibu wa pombe, na hakuna ubaya, ingawa uraibu katika Kiswahili cha wazee ulikuwa ni ule wa tambuu na tumbaku, kitu cha kuburudisha kinywa baada ya chakula, na neno hilo limebebeshwa uzito wa ugonjwa katika miaka ya karibuni tu. Neno lolote litakalotumika, kazi yake ndani ya chumba kile ni kutaja hali ili iweze kutibiwa, kama mtu anavyosema nina kisukari.

Hata hivyo, kinachowazuia wengi katika mji kama wetu ni kuonekana, zaidi ya neno lenyewe. Tanga ni mji ambao mtu akipita barabara za namba za Ngamiani kwa baiskeli saa kumi jioni, kufikia magharibi mama yake aliye Makorora ameshaulizwa alikuwa anakwenda wapi. Mnywaji wa nyumba ya Kiislamu hunywa kwa kujificha, akatafuna iliki au kitunguu kabla ya kuingia ndani, na familia nayo humfichia. Kumwambia mtu huyu aende kukaa duara na watu kumi na kuwasimulia ni sawa na kumwambia avue nguo sokoni. Nalipa uzito pingamizi hili kwa sababu lina msingi wa dini pia: Mwislamu hufundishwa kusitiri aibu yake na ya mwenzake, na kutotangaza dhambi ambayo Mungu amemsitiria. Nimewasikia watu wema wakilitumia fundisho hilo dhidi ya mikutano.

Kwa maoni yangu mkutano unasimama upande wa sitara. Majina ya ukoo hayatajwi, orodha ya wanachama haitunzwi, na kanuni inayorudiwa kila mara ni kwamba uliyemwona humu na uliyoyasikia humu yaishie humu. Akikutana na mwenzake sokoni Mgandini, mwanachama humsalimu kama anavyomsalimu mtu yeyote, bila kumuuliza lolote. Kila aliye ndani ana siri ileile, na hiyo ndiyo dhamana yake kwa mwenzake. Lengo la kusimulia, zaidi ya hayo, ni kutafuta tiba, na mgonjwa anayemweleza tabibu maradhi yake hahesabiwi kuwa anajitangaza. Wahenga walisema mficha maradhi kilio kitamfichua, na walevi wa mji huu tunawazika kwa sababu zinazotajwa kuwa ni ini, ni ajali, ni presha. Lazima niseme vilevile kwamba ahadi hii ya siri ni ya uungwana, haina nguvu ya sheria kama ile ya daktari. Kwa hiyo mgeni aeleze unywaji wake, na mambo ya jinai au siri za watu wengine ayaweke kwa sponsa anayemwamini, au kwa wakili, au kwa kiongozi wake wa dini.

Swali la dini halikomei hapo, kwa kuwa hatua kumi na mbili humtaja Mungu, na mikutano mingi duniani hufanyika katika kumbi za makanisa kwa sababu kumbi hizo hupatikana kwa bei nafuu. Baadhi ya Waislamu huhofu kwamba wanaingizwa katika ibada ya Kikristo kwa mlango wa nyuma. Maneno yenyewe ya hatua ni Mungu kwa jinsi kila mmoja anavyomfahamu, na kikundi hakina sala ya lazima wala hakiulizi mtu dini yake. Ushahidi ulio wazi zaidi ni Iran, nchi ya Kiislamu ambayo ni miongoni mwa zenye mikutano mingi kabisa ya NA duniani. Asiyependa kabisa mambo ya imani katika tiba anaweza kutafuta SMART Recovery, iliyoanzishwa Marekani mwaka 1994 kwa msingi wa mbinu za kisaikolojia, na yenye mikutano ya mtandaoni.

Je, mikutano inasaidia kweli? Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2020 na Cochrane, mtandao wa kimataifa wa watafiti wanaopima tiba, yalikusanya tafiti 27 zenye washiriki 10,565, na yakaona kwamba programu zilizopangwa vizuri za kuwaingiza wagonjwa katika AA ziliwafanya wengi zaidi wakae bila pombe mfululizo kwa mwaka mmoja kuliko tiba nyingine zilizolinganishwa nazo, ikiwamo ile ya kubadili fikra na tabia. Jambo la kuzingatia katika matokeo hayo ni kwamba kilichopimwa hasa ni watu waliosaidiwa kuingia: waliandaliwa, wakaelezwa watakachokikuta, wakaunganishwa na waliotangulia. Mtu akimtupia ndugu yake maneno "nenda mikutanoni" huku amekasirika hajafanya kile kilichopimwa. Akitafuta mahali, akampigia mwenyeji simu, akampeleka ndugu yake hadi mlangoni na kumsubiri nje, amekaribia.

Kuutafuta mkutano ukiwa Tanga huanza kwa kuuliza mahali sahihi. Kliniki ya afya ya akili pale Bombo ni moja, na mtu anaweza kusema kwa ufupi tu: "Daktari, nina shida ya pombe, naomba kujua kama kuna kikundi cha watu wanaoacha." Nyumba za upataji nafuu ni mahali pengine, hata kwa asiyetaka kulala huko, kwa sababu nyingi hufuata hatua kumi na mbili na hufanya mikutano, na waliomaliza muda wao hujua wenzao wanakutana wapi, aulize kama watu wa nje wanaruhusiwa, na siku gani. Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ina namba 119 ambayo hupigwa bure, na inaweza kumwelekeza mtu kwenye nyumba zinazotambuliwa. Dar es Salaam kuna mikutano ya AA, na anayekwenda huko kwa shughuli zake anaweza kuhudhuria mmoja, akapata namba za watu, akarudi nazo. Anapopewa siku na mahali, aulize pia kama mkutano ni wa wazi, ambao ndugu au rafiki anaweza kuingia, au ni wa ndani, ambao ni wa wenye nia ya kuacha pekee.

Mikutano ya mtandaoni ya AA hufanyika saa zote 24 na hupatikana kupitia tovuti ya aa.org, mingi ikiwa kwa Kiingereza. Mgeni aangalie saa kwa makini. Mkutano ulioandikwa 8 PM, yaani saa mbili usiku kwa saa za New York, humkuta mtu wa Tanga saa tisa usiku wa manane au saa kumi alfajiri kutegemea majira yao, lakini ule wa adhuhuri yao humkuta saa moja au saa mbili usiku, muda ambao baa zinajaa na ambao yeye anauhitaji zaidi. Abadilishe jina linaloonekana kwenye kioo, kwa kuwa simu nyingi huonyesha jina kamili, avae spika za masikioni, na kamera aifunge kama chumba si chake peke yake.

Na asipopata chochote? Kanuni za AA zinasema kwamba walevi wawili au watatu waliokutana kwa ajili ya kuacha pombe wanaweza kujiita kikundi, mradi hawakifungamanishi na jambo jingine. Hawahitaji kibali kutoka Marekani, wala mwenyekiti, wala muhuri. Watu wawili waliofahamiana kliniki wanaweza kukubaliana kukutana kila Jumanne saa kumi na mbili jioni katika chumba cha shule, au ufukweni Raskazone mbali na sehemu zenye vinywaji. Nashauri tu wasikutane nyumbani kwa mmoja wao, kwa kuwa mtaa utauliza, na wasibadilishe siku wala saa hata wakiwa wawili kwa miezi mitatu, kwa kuwa mtu wa tatu atakuja siku asiyotegemewa, na akikuta mlango umefungwa anaweza asirudi tena.

Mke au mama wa mnywaji naye ana mahali pake. Al-Anon ilianzishwa mwaka 1951 kwa ajili ya familia, nayo ina mikutano ya mtandaoni anayoweza kuhudhuria hata kama mumewe hajakubali kwamba ana shida.

Mgeni aliyehudhuria mara tatu kisha akanywa kwa kawaida hukata tamaa, akaona kwamba ameuaibisha mkutano na kwamba hawezi kuwatazama tena usoni. Kikundi hakitozi faini wala hakimfukuzi mtu kwa kunywa. Aliyelewa siku ileile anaweza kuingia na kukaa, ila huombwa asikilize tu hadi mkutano mwingine. Aliyeteleza huanza kuhesabu siku zake upya kutoka moja, mbele ya watu ambao wengi wao wameshaianza hesabu hiyo zaidi ya mara moja, na mara nyingi yeye ndiye anayepigiwa simu nyingi zaidi wiki ile.